Gunia la Chumvi Katika Duka la Santuri

Samweli na Eliapenda, duka sasa ni lenu. Funguo nimewakabidhi, mbao za madirisha mnajua zinavyogoma wakati wa masika, na yule paka msimfukuze, maana panya wa Same wanapenda majalada ya santuri kuliko mahindi. Lakini lipo jambo moja mmeniuliza mara nyingi nami nikawa nawatania tu. Kwa nini duka linalouza santuri, nyuzi za gitaa na vinanda vya mdomo hununua gunia la chumvi kila mwaka kabla ya Pasaka? Na kwa nini lile tarumbeta lililotundikwa juu ya mlango haliuzwi hata mtu akija na ng'ombe? Sasa miguu yangu imegomea milima na nina muda. Nimekaa barazani kwa binti yangu, upepo wa tambarare unanijaza vumbi masikioni, naandika.

Msitegemee kusoma habari za vyeo. Cheo sikupandishwa na mtu. Mimi mwenyewe nilipandisha punda mlima wa Suji kwa miaka mingi, naye hakuwahi kushukuru.

Nilizaliwa huko huko Suji, mtoto wa mkulima wa viazi na mahindi. Vita ile ya kwanza ya Wazungu ilinikuta nina ndevu za kuhesabika. Wajerumani walipoondoka milimani na Waingereza kuingia, nikaandikishwa askari. Sajini mmoja kutoka Nyasa alinigonga kifuani kwa ngumi, akasikiliza kama mtu anayechagua mtungi sokoni, akasema, "Wewe utapuliza." Ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza. Tarumbeta la jeshi ni bomba la shaba lisilo na vitufe. Sauti zake ni chache, na zote hutoka midomoni na tumboni mwa mpulizaji. Sajini alinifundisha nisijaze mashavu. "Mashavu ni ya kutafunia," alikuwa akisema. Alinifundisha pia kwamba kila mlio ni agizo: huu wa kuamka, huu wa kukusanyika, huu wa chakula, huu wa maziko. Askari akisikia hasemi mlio mzuri au mbaya. Anakwenda anakoitwa.

Niliporudi nyumbani baba aliniuliza nimeleta nini kutoka vitani. Nikamwambia, "Pumzi, baba." Akacheka mpaka akakohoa. "Basi kapulize moto jikoni. Mama yako anahangaika na kuni mbichi tangu asubuhi."

Tarumbeta lenyewe nililipata baadaye, mnadani Moshi, walipokuwa wakiuza vitu vya jeshi vilivyochakaa: ndoo, mahema, viatu vya mguu mmoja mmoja. Hapo mnadani ndipo nilipokutana na Bwana Virji, Mhindi aliyeuza baiskeli, taa na santuri. Aliniona nalijaribu tarumbeta, akaniita dukani kwake. Aliweka santuri juu ya mashine, akatia ufunguo, kisha badala ya kunitazama usoni akainama akatazama miguu yangu.

"Unaona mguu wako?" aliniuliza.

Nikautazama. Ulikuwa ukigonga sakafu wenyewe.

"Mimi nauza hiyo," alisema. "Sanduku iko bure tu. Wewe peleka milimani, weka chini, nyamaza, tazama miguu ya watu. Iko mguu moja inacheza, ongea na huyo."

Hakuna mtu aliyewahi kunipa somo bora la biashara. Mengine niliyajua kwa kuharibu. Sindano ya mashine ibadilishwe kila upande wa santuri, na mteja akiwaambia yake bado ina makali, mwonyesheni santuri iliyochimbwa kama shamba la magimbi. Santuri zibebwe zimesimama, zikilazwa safarini zinavunjana. Jua la Same likizipinda, ziwekwe katikati ya vioo viwili penye joto la kiasi, zitanyooka zenyewe bila kubembelezwa. Wale vijana wa dukani Moshi walizoea kuzikandamiza kwa goti.

Nilikuwa nashuka treni hapa Same, nakodi punda, napanda Upare wa kusini. Ili nisipite mlango kwa mlango kama mwombaji, nilibuni njia yangu. Nikifika kwenye ukingo wa mlima unaotazamana na kijiji, napiga tarumbeta. Sauti inavuka bonde kabla yangu. Nitakapokuwa nimeshuka na kupanda tena, watu wameshaketi kwenye majani wananingojea. Njia hii iliniponza mara kadhaa. Huko kwetu Suji niliwahi kupiga siku ya Jumamosi, nimesahau kuwa ndugu zangu wanashika Jumamosi na si Jumapili. Wazee wa kanisa walitoka wamevaa rasmi, wakanikalisha benchi la mbele, nikasikiliza mahubiri yote na tarumbeta limelala mapajani kama mtoto mgonjwa. Na hapa Same sokoni, kwa kutania tu, niliwahi kupiga mlio wa chakula wa jeshini. Waliokuwa askari wakaja na sahani. Mmoja alikuja na kijiko tayari mkononi, na alipoona nina mashine tu alinitukana kwa lugha tatu.

Huko chini upande wa Bendera wafugaji walipenda sana kusikiliza ila hawakununua. Mzee mmoja wa Kimasai alisikiliza wimbo mzima, akazunguka nyuma ya mashine, akarudi na kusema, "Mtu huyu anaimba vizuri, lakini hana adabu. Tunamwitikia, yeye hasubiri." Mpaka leo sijapata jibu la hoja hiyo.

Basi Bwana Virji akaona Upare wa kusini nimeuzoea, akanituma wa kaskazini. Nilishuka kituo kilicho chini ya Ugweno, nikapanda hadi Msangeni siku ya soko. Nilikuwa na furaha. Ukungu ulikuwa umetoka, migomba inang'aa, na soko nililiona kwa mbali limejaa watu kama siafu. Nikasimama kwenye ukingo nikapiga mlio wa kukusanyika, mrefu, kwa kifua chote.

Soko likatawanyika. Sikuelewa. Nilidhani pengine nyoka ametokea, au mvua ya mawe. Nikaharakisha na punda wangu. Nilipofika hapakuwa na mwanamume hata mmoja. Ndizi zilikuwa chini, vibuyu vya maziwa vimemwagika, kuku amefungwa miguu anahangaika peke yake. Katika nyumba ya jirani chungu kilikuwa kikitokota na mwenyewe hayupo. Msituni nyuma ya soko nilisikia matawi yakivunjika, watu wanazidi kwenda mbali. Nilikuwa nimevaa koti langu la zamani la jeshi, maana ndilo pekee lililokuwa na mifuko ya kutosha sindano.

Mtu mmoja tu hakukimbia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, ana jembe begani. Alinijia moja kwa moja.

"Shikamoo, mama," nilisema, nikiwa nimechanganya Kiswahili na Chasu cha kwetu Suji, wao huko wakiwa na Kigweno chao.

Hakuitikia. "Umekuja kumchukua nani?" aliuliza. "Wangu mlishamchukua."

"Mama, mimi ni mchuuzi. Nauza muziki."

"Na wale walisema wanagawa chumvi."

Huyo ndiye Nakundwa. Aliniambia kisa chake amesimama, jembe begani. Wakati wa vita chumvi ilikuwa imeadimika. Siku moja ya soko askari walikuja wakapiga tarumbeta pale pale niliposimama mimi, wakatangaza kuwa serikali inagawa chumvi, kila mwanamume aje na chombo. Mumewe hakutaka kwenda. Alikuwa na kazi shambani. Nakundwa ndiye aliyemsukuma: alimtolea kikapu, akakitandika jani la mgomba ndani ili chumvi isivuje, akamwambia awahi kabla haijaisha. Wanaume walipojaa wakazungushiwa kamba. Walikwenda kuwa wapagazi wa jeshi. Wachache walirudi, na mumewe hakuwa miongoni mwao, wala hakuna aliyejua alilala wapi.

Nilifungua mashine, mjinga mimi, nikaweka wimbo. Aliusikiliza hadi mwisho.

"Huyu mmemtia sandukuni tunamsikia," alisema. "Wangu mmemtia wapi?"

Nilifunga mashine. Nikadhani ataniondoa kwa jembe. Badala yake alinikaribisha kula, kwa sababu mgeni ni mgeni. Alinipa makande ya moto. Nilipotia mdomoni nikakuta hayana chumvi hata chembe. Wanangu, mchuuzi akipewa chakula anakula na kushukuru. Nilikula yote. Kijana wake mdogo, Kajiru, aliyekuwa tumboni baba yake alipochukuliwa, aliniangalia ninavyomeza akasema taratibu, "Kwetu hatutii." Ndipo nikaelewa. Tangu siku ile ya soko Nakundwa hakuwa amegusa chumvi.

Niliteremka sijauza hata sindano. Bwana Virji alisema vijiji viko vingi, Msangeni niiache. Alikuwa na haki. Lakini mimi nilikasirika, na hasira yangu sikujua nimpelekee nani. Tarumbeta nililipenda. Lilinilisha, lile la jeshini lilinitoa vitani mzima, na sasa nimejua kuwa kuna watu ambao likilia wanaacha vyungu motoni. Niliporudi Msangeni nilirudi bila tarumbeta na bila lile koti.

Safari hiyo ndiyo iliyonikutanisha na mwalimu wangu wa pili, Mzee Mshana, mhunzi. Ukoo wake wote ni wahunzi tangu enzi za kuyeyusha chuma milimani, na Upareni mtu hamchezei Mshana, maana laana ya mhunzi inaogopwa kuliko barua ya Bwana Shauri wa wilaya. Yeye alinicheka tu. "Wewe ndiye uliyefanya ng'ombe wangu atoroke," alisema. Kisha akanipeleka nyuma ya kiwanda chake, akafukua rundo la majani makavu ya migomba. Chini yake palikuwa na matarumbeta ya kanisa: makubwa, madogo, yenye vitufe, yamebonyea na kuota kutu ya kijani. Wamisionari wa zamani waliyaleta. Kila Pasaka alfajiri yalikuwa yakipigwa makaburini, watu wakizunguka kaburi hadi kaburi kuwaimbia waliolala kwamba Bwana amefufuka. Vita ilipokuja mwalimu wa kanisa aliyaficha kwa mhunzi, na baada ya vita hakuna aliyethubutu kuyatoa. Watu walikuwa bado wakienda makaburini Pasaka, lakini kwa kuimba tu, tena kwa sauti ya chini.

"Vijana wanayataka," Mzee Mshana aliniambia. "Mimi naweza kuyanyoosha. Kuyaliza siwezi."

Kazi hiyo ilituchukua msimu mzima wa kiangazi, mimi nikipanda kila nilipopata nafasi. Ninyi mnatumia vyuma vya kununua kunyooshea mibonyeo ya shaba. Mzee Mshana alichagua mawe laini ya mtoni, kila moja na ukubwa wake, akayafunga kwenye fimbo alizozipinda kwa moto, akayapitisha ndani ya bomba akisikiliza kwa kidole. Kutu tuliitoa kwa majivu na ndimu. Nyufa tulizilehemu. Vitufe mimi nilivipaka mafuta ya kondoo, nikajisifu sana, na asubuhi ya kwanza yenye baridi vyote vikaganda kama vimejengewa. Tangu hapo natumia mafuta ya cherehani, nanyi tumieni hayo hayo. Mzee Mshana alicheka siku mbili.

Matarumbeta yakapona, lakini yalikaa kimya. Wazee walikutana, mchungaji akiwapo, wakaamua kwamba kabla ya chombo chochote cha namna ile kulia tena Msangeni, waliopoteza watu siku ile ya soko waridhie. Wajane wengine walisema wataridhia Nakundwa akiridhia. Wakanituma mimi, kwa kuwa ndimi niliyeanza kelele. Mzee Mshana alinipa jani la isale nilishike mkononi, ambalo milimani ndilo la kuombea amani.

Nilimkuta anapalilia maharage. Alilitazama jani, hakulipokea.

"Wewe ulikuwa jeshini," alisema. "Askari akifa mlimfanyaje?"

"Tulimzika, mama. Nikapiga tarumbeta. Kuna mlio wake."

"Na mpagazi?"

Ningeweza kumdanganya. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini yule mama alikuwa amedanganywa mara moja na tarumbeta, na mara moja ilitosha.

"Mpagazi hakupigiwa," nilisema. "Sikuwahi kuamriwa kumpigia hata mmoja. Mara nyingi hatukusimama."

Aliendelea kupalilia hadi mwisho wa tuta. Nilibaki nimeshika jani langu, nalia, siwafichi. Niliwakumbuka wale watu waliokuwa wakianguka na mizigo kando ya njia, na sisi tukipita. Aliporudi alifuta mikono kwenye kanga, akalipokea lile jani.

"Basi wa kwanza kulia hapa uwe huo," alisema. "Ule mlio wa askari. Ukishampigia yeye, wengine wapige wanachotaka. Na nyinyi mnaozunguka makaburini na nyimbo, mje na kwangu. Mimi Pasaka nabaki nyumbani kwa sababu sina pa kusimama."

Pa kusimama alipachagua mwenyewe: pembeni ya soko, pale kamba ilipozungushwa. Alipanda hapo mche wa isale, na majirani wakauzungushia mawe.

Pasaka hiyo nilishika tarumbeta langu alfajiri, baridi inakata midomo. Nilikuwa na hofu kuliko siku yoyote ya vita. Niliogopa kwamba nitakapopuliza, nitasikia tena matawi yakivunjika msituni. Nikapiga. Mlio wa maziko ni mrefu na una mahali pa kunyamaza katikati, na nilipofika hapo nikasikiliza. Nikasikia milango. Watu walikuwa wanatoka majumbani, wanashuka vichochoro vya migomba, wale wazee wachache waliorudi kutoka upagazini wakiwa mbele, mmoja ameshikwa mkono na mwanawe. Hakuna aliyekimbia. Nilipomaliza, vijana wakapokea kwa wimbo wa Pasaka, wenye makosa mengi na sauti kubwa sana, na Kajiru akiwa na lile tarumbeta dogo kuliko yote.

Kisha Nakundwa akatoa kikapu alichokuwa amekifunika kwa kanga. Kilikuwa na chumvi. Sijui aliikusanya kwa muda gani, chumvi ilikuwa si kitu cha kuchezea. Alipita kwa kila mtu aliyesimama pale, akamwekea kiganjani.

"Waliitwa wapewe chumvi," alisema. "Nyinyi mmeitika. Chukueni."

Alipofika kwangu nilimwomba naye aionje. Akatikisa kichwa. "Hii ni ya waliokuja," alisema. "Mimi bado nina mtu njiani."

Baada ya Pasaka hiyo biashara yangu iligeuka. Vijana wa Msangeni walitaka vidomo vipya vya tarumbeta, springi za vitufe, mafuta. Usharika wa jirani ukasikia, nao ukataka. Milima mizima ikaanza kufukua shaba iliyofichwa kwenye madari na mashimo ya viazi. Bwana Virji, ambaye alikuwa hana habari za matarumbeta, alinisaidia kuagiza vipuri, na alipozeeka na kutaka kupunguza kazi akaniachia mzigo wa santuri nifungue duka hapa Same, karibu na stesheni. Hili mnalolijua. Mwanzoni lilikuwa chumba kimoja, nikilala na kodiani mbili na punda nje.

Kila Pasaka nilifunga duka nikapanda Msangeni na chumvi. Nilimwambia Nakundwa kuwa chumvi sasa ni zamu ya duka, yeye agawe tu. Alikubali. Alinipikia makande yake yasiyo na kitu, nami nikala kila mwaka, na ninyi mnaolalamika kuhusu mapishi ya mama lishe wa stesheni mtajua nawacheka kwa nini.

Ikaja vita ya pili. Siku moja ofisa aliyekuwa akiandikisha watu aliingia dukani na mkalimani wake, akaliona tarumbeta ukutani. Alikuwa na adabu. Alitaka nimwazime, au niende naye mwenyewe, kupigia watu milimani ili wakusanyike haraka. Nilimwambia nilitazame vizuri kwanza. Nikaingia nalo stoo, nikakichomoa kidomo cha tarumbeta, nikakizamisha kwenye gunia la chumvi lililokuwa likingoja Pasaka, mkono mpaka kiwiko. Nikarudi na bomba tupu.

"Halilii, bwana," nilisema. "Limekosa mdomo."

Alilitazama, akapuliza mwenyewe, likatoa upepo. Nadhani alijua. Alisema asante akaondoka.

Sikuzuia vita kwa kidomo, msije mkanitungia sifa. Watu waliandikishwa kupitia majumbe, na Kajiru akawa mmoja wao. Alipitia hapa Same kupanda treni, kijana mrefu amevaa kaptura mpya zisizomkaa, nikampa kinanda cha mdomo kwa kuwa tarumbeta asingeruhusiwa kuchukua. Kisha nikafanya lililoniwia gumu kuliko yote katika kazi yangu. Nilipanda mlima kwenda kumkabili mama yake.

Alikuwa jikoni. Nilimweleza habari ya ofisa na ya kidomo.

"Hawakulitumia letu?" aliuliza.

"Hawakulitumia, mama."

"Basi angalau hilo," alisema. Akageuka kuchochea moto, na mabega yake yakawa yanatikisika. Nilikaa naye mpaka kuni zikaisha.

Miaka ile mashine nyingi zilinyamaza kwa kukosa sindano. Nilijifunza kunoa miiba ya mkonge, inayoimba kwa upole na kuisha haraka, na wateja wakaizoea. Barua za Kajiru zilikuja mara moja moja kutoka Bama, kwenye vita na Wajapani, fupi, zikisema mvua ni nyingi na kinanda kinafanya kazi. Nyingine hazikuja. Nakundwa aligawa chumvi kila Pasaka, akinawa mikono baadaye kwa uangalifu mpaka kwenye kucha.

Vita ilipokwisha, treni zilianza kuwashusha. Hawakushuka wote, na msidhani nimewasahau wasioshuka. Mimi nilikuwa na kazi ya kufungua duka mapema kila treni ilipopiga honi. Siku moja nikiwa nafagia nikasikia kinanda cha mdomo nje, kinapigwa vibaya, kimekosa sauti mbili kwa kuota kutu. Kajiru alisimama mlangoni, amekonda, ana kovu shingoni.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Nimekirudisha. Kimeharibika."

Nilifunga duka nikiwa na wateja ndani.

Tulipanda pamoja siku ile ile, tukawaokota njiani wengine wawili wa kwao walioshuka treni iliyotangulia. Tulipofika kwenye ukingo unaotazama soko, Kajiru alisimama akaniambia, "Piga, mama ajue."

"Nipige upi?"

Akafikiri, akaanza kucheka. "Ule wa chakula."

Nikaupiga, mlio ule ule ulionitukanisha Same. Ng'ambo ya bonde nikaona watu wanatoka mashambani. Waliokwisha kurudi kutoka vitani, waliojua maana yake, wakaja mbio na sahani na mabakuli, wengine wakicheka, mmoja akilia na kijiko mkononi. Nakundwa alikuwa amesimama kwenye isale lake. Hakutukimbilia. Alisubiri mpaka mwanawe alipofika, akampapasa uso, shingo, lile kovu, mabega, kama mtu anayekagua mzigo uliotoka mbali. Kisha akatuuliza sisi wote ule mlio unamaanisha nini.

"Njooni mle," Kajiru alimwambia.

"Na kuna chakula?"

Hapakuwa na chochote. Walicheka wote isipokuwa yeye. "Tarumbeta limeita watu," alisema. "Haliwezi kudanganya tena hapa." Akatuma wanawake, chungu kikubwa cha kanisa kikaletwa pale pale sokoni, mahindi na maharage yakatoka kila nyumba, na jioni ile makande yakaiva. Alinitazama akanyoosha mkono. Nilikuwa na kifuko cha chumvi, kwa sababu mimi Msangeni siendi mikono mitupu. Akakipokea, akatia chunguni mwenyewe, akakoroga, akajipakulia kwanza.

Alikula tonge la kwanza taratibu, akalitafuna muda mrefu, macho yakamjaa machozi.

"Imezidi kidogo," alisema. Akajipakulia tena.

Nakundwa amelala sasa, karibu na isale, na Pasaka watu husimama hapo kama penye kaburi lolote. Mzee Mshana naye amekwenda, mawe yake ya mtoni yamo kwenye ile droo ya chini mnayodhani ina takataka. Kajiru ndiye kiongozi wa matarumbeta, ana mvi, na mashavu bado anayajaza ingawa nimemkataza. Siku hizi watu wanakuja dukani kuulizia redio za betri wasikie habari za Uhuru. Wauzieni, ni jambo jema, ila redio nayo ni kama yule mwimbaji wa mzee wa Kimasai, haisubiri mtu aiitikie.

Pasaka ijayo mtapanda ninyi. Gunia nimeshaliagiza, liko stoo, na kidomo mtakikuta ndani yake, nimezoea kukiweka humo. Samweli apige, Eliapenda agawe. Pigeni wa maziko kwanza, halafu waachieni vijana wimbo wao. Wa chakula msiupige mpaka mmeona chungu kiko motoni.